Shangazi, nitajuaje kwamba wakati wa mbwa wangu umefika?

*Shangazi, shikamoo. Mbwa wetu Tomi ana miaka 13. Figo zake zimechoka, na nyonga zinamuuma hata asubuhi inabidi nimwinue kwa taulo niliyoipitisha chini ya tumbo. Daktari wa mifugo ametuambia hakuna tena cha kutibu, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, na tukiwa tayari atampumzisha kwa sindano. Nimeweka miadi mara mbili nikaifuta, kwa sababu siku ikifika Tomi anaamka mchangamfu, anakula, ananitikisia mkia. Mume wangu anasema namtesa. Mama anasema mwacheni afe mwenyewe, Mungu ndiye mpangaji. Binti yangu wa miaka 8 analia tusimuue. Nimechanganyikiwa. Nitajuaje kwamba wakati umefika?*
*Mwenye moyo mzito*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Bila shaka wapo waliokwisha kukuambia "huyo ni mbwa tu", na maneno hayo yanauma. Aliyekupokea mlangoni miaka 13 ni wa nyumbani kwako, na unayo haki ya kumlilia hata kabla hajaondoka.

Nianze na zile asubuhi mbili, maana fundo liko hapo. Mwenye ugonjwa wa figo hadhoofiki kwa mfululizo siku hadi siku, hupanda na kushuka. Uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa hupanda na kupungua damuni, kichefuchefu huja na kutulia, ndiyo maana mbwa anaweza kukataa chakula siku mbili, ya tatu akamaliza bakuli. Figo zenyewe hazirudi. Vipimo vya kawaida vya damu vinapoanza kuonyesha tatizo, kwa kawaida karibu robo tatu ya uwezo wake imekwisha kupotea. Kwa hiyo asubuhi njema ni ya kweli, ifurahie, kaa naye juani, lakini usiisome kama dalili ya kupona.

Nikiisoma barua yako naona unasubiri siku ambayo Tomi atakuwa na hali mbaya kiasi kwamba hakutakuwa na cha kuamua. Siku hiyo ipo, mwanangu, na ndiyo nisiyotaka muifikie. Ni siku ya kutapika bila kukoma, au ya degedege, mkimbeba usiku wa manane kumtafuta daktari yeyote aliye macho, naye akimalizikia mikononi mwa mtu asiyemjua, amejaa hofu. Mimi siamini kwamba kuna siku moja iliyo sahihi, ambayo ukiikosa umekosea. Kuna kipindi, cha siku kadhaa, pengine majuma, ambacho ndani yake siku yoyote mtakayoichagua ni ya huruma. Kwa hayo uliyoniandikia, naona mmeshaingia humo. Kwa hiyo akiamka mchangamfu siku ya miadi, hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuifuta. Ni heri aondoke siku ambayo bado anakutambua na anafurahia mkono wako.

Maumivu nayo tunayasoma vibaya. Wengi husubiri mbwa alie. Mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii kabisa. Huhema ilhali amepumzika. Hubadilisha mahali pa kulala usiku kucha, hulamba sehemu ile ile, hutetemeka, hujitenga, huacha kuinuka mtu akiingia. Mkia haukupi jibu, kwa kuwa mbwa huutikisa akikuona hata mwili ukiwa unamuuma. Mchunguze usiku akiwa hajui kwamba unamtazama, ndipo utaona mengi.

Kuna kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi, alichokitunga daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004. Kinatazama mambo saba: maumivu, na humo kupumua kunahesabiwa kwanza, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 huhesabiwa kwamba maisha yake bado yanafaa kuendelezwa. Sikupi hesabu hii ili ikuamulie. Nakupa kwa sababu moyo unaopenda husahau usiku mbaya mara jua linapochomoza. Wewe na mume wako mwandike alama kila jioni, kila mtu na karatasi yake, bila kuoneshana, kisha baada ya juma moja mkae mzisome pamoja. Huenda mkaona hamjapishana kama mnavyodhani, na ubishi wa nani anamtesa nani ukaisha wenyewe.

Muulize daktari pia kama dawa za maumivu na za kichefuchefu anazopata Tomi zimefika mwisho. Hali yake ni ngumu kwa sababu dawa nyingi za viungo huzilemea figo, lakini zipo nyingine za kujaribu. Tafadhali usimpe chochote kutoka kwenye dawa zenu za nyumbani. Ibuprofen na paracetamol zinaweza kumuua mbwa, na si kifo chepesi.

Mama yako ninamheshimu, na sitakuambia umpinge. Ila wengi wanaposema "afe mwenyewe" huwa wanawazia mbwa aliyelala jioni asiamke. Hutokea, lakini kwa figo si jambo la kulitegemea. Mara nyingi ni siku nyingi za kichefuchefu, vidonda mdomoni, kukonda na kudhoofika. Mkiamua kumwacha afike mwisho wake, basi awe chini ya uangalizi wa daktari, maumivu yake yakitulizwa hadi dakika ya mwisho. Kumwacha bila dawa na kusema tumemwachia Mungu, hilo siwezi kukushauri.

Naona pia unaiogopa sindano yenyewe, kwa hiyo nikueleze. Kwa kawaida daktari huanza na dawa ya kumtuliza mpaka asinzie. Kisha huingiza mshipani dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa mno, mara nyingi pentobabitali. Fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho huwa hayafumbi. Anaweza kuvuta pumzi moja nzito, misuli ikashtuka, au mkojo ukamtoka. Mtu asiyeambiwa mapema hudhani mbwa wake ameteseka, akabaki na picha hiyo miaka. Hayo ni ya mwili tu, mwenyewe hayupo tena. Uliza kama daktari anaweza kuja nyumbani. Ukiweza kubaki naye, baki, mwekee mkono, zungumza naye kama kawaida. Ukiona huwezi, abaki mume wako au mwingine anayemfahamu.

Binti yako usimpe kura. Mtoto wa miaka 8 asibebe uamuzi huu, akaja kukua akidhani yeye ndiye aliyemruhusu Tomi afe, au aliyemwacha ateseke. Amueni ninyi wazazi, kisha mwambieni mapema, kwa maneno ya kweli: Tomi anaumwa, hatapona, daktari atamsaidia afe bila maumivu. Msimwambie kwamba amelazwa usingizi, maana atakuja kuogopa kulala, wala kwamba amekwenda kuishi mahali pengine, maana atamngoja. Mpeni nafasi ya kumuaga atakavyo. Si lazima aione sindano.

Kujilaumu kutakuja, mwanangu, uamue hivi au vile. Wanaoamua mapema hujiuliza kama waliharakisha, na waliongoja hujiuliza kwa nini walingoja. Kukikujia, kasome tena zile karatasi za kila jioni.

Na jambo la maziko lipangeni kabla. Dawa ile hubaki mwilini muda mrefu, na mbwa au mnyama mwingine akifukua mzoga na kuula anaweza kufa. Kwa hiyo shimo liwe refu, mbali na maji, na muulize daktari kama mnaruhusiwa kuzika nyumbani mnakoishi au kuna utaratibu mwingine. Muulize sasa hivi, wakati bado una utulivu wa kusikia majibu.