Kukonda bila hamu ya kula: usiitupie lawama tezi ya shingo peke yake

Mdogo wangu wa Nachingwea, pole. Unasema wiki hii moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, wiki nyingine baridi na usingizi tu, na kilo zinazidi kupungua huku chakula hukitaki.

Inafanana na tezi ya shingo, kweli. Ila tezi ikizidisha kazi, wengi hukonda huku njaa inawauma. Wewe hamu huna kabisa, kwa hiyo ukipima TSH na T4, vipimo vya damu vya tezi hiyo, omba wakuangalie pia kifua kikuu, VVU, sukari, upungufu wa damu, na mimba kama inawezekana. Na kipimo kimoja kisikutulize: tezi ikivimba ndani humwaga homoni nyingi kwanza, kisha hupungukiwa, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie daktari. Vinavuruga majibu.

Dawa ya tezi ya kuazima kwa jirani, hapana.

Chakula usigombane nacho. Sahani ya ugali ikikushinda, onja kidogo kila saa 2 au 3. Uji wa korosho zilizosagwa na tui la nazi ndio ulioninyanyua mimi baada ya malaria. Gramu 100 za korosho zina kalori zaidi ya 500, na huku kwetu hatuzitafuti mbali.

Moyo ukienda mbio hata umelala, au ukizimia, nenda hospitali siku hiyohiyo.