Usiingize samaki hata mmoja bila karantini (jibu kwa mwenye tangi la lita 250)

Simama hapo hapo mkuu. Jumamosi usiende dukani.

Swali lako nilikuwa nalisoma kwa kupita tu: taa gani, mchanga uwekwe au usiwekwe, chumvi ipi, pampu za mkondo ngapi kwa tangi la lita 250. Maswali ya kila anayeanza tangi la maji chumvi la samaki na matumbawe nyumbani. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho, ulioutupia tu kama mtu anayeaga: tangi limemaliza mzunguko (yaani bakteria wa kusafisha amonia wameshaota), Jumamosi unabeba samaki, klaunifishi wawili, kangaja wa bluu na chromis watano, wote wanaingia siku hiyo hiyo, maana muuzaji kakuhakikishia wamekaa kwake wiki mbili na karantini "inawachosha samaki bure". Chai ikanipalia. Maneno hayo niliambiwa mimi, karibu hivyo hivyo, na aliyeniambia alikuwa anafunga mfuko wangu kwa raba huku anatabasamu.

Sikia basi. Kitu chenye mapezi hakiingii kwenye tangi la matumbawe mpaka kimalize karantini kwenye tangi jingine. Hata kama samaki ni mzuri vipi, hata kama duka ni la rafiki yako, hata kama punguzo linaisha leo. Mengine yote uliyouliza yanarekebishika. Taa isiyofaa unaibadilisha, mchanga usioupenda unaunyonya kwa mpira. Vimelea vikishaingia kwenye mwamba, ndugu yangu, hurekebishi, unabomoa.

Tuanze na hizo wiki mbili za dukani. Maduka mengi yana matangi mengi yanayotumia maji mamoja, yaani kichujio kimoja, na maji yanazunguka kutoka tangi hadi tangi. Samaki aliyekaa humo wiki mbili amekaa wiki mbili kwenye maji ya kila mzigo mpya ulioshushwa. Mnaita hiyo karantini? Na yapo maduka yanayoweka shaba kidogo kwenye maji ya samaki, kiasi cha kuvituliza vimelea visionekane, lakini si cha kuvimaliza. Samaki anang'aa mbele yako, anakula, unalipa. Akifika kwako kwenye maji yasiyo na shaba, vinaamka. Ukipiga simu kulalamika unaambiwa maji yako ndiyo mabaya.

Adui mwenyewe ni Cryptocaryon irritans, ugonjwa wa madoa meupe wa maji chumvi. Maisha yake uyajue, maana mtego wote umo humo. Kimelea hukaa ndani ya ngozi na matamvua ya samaki kwa siku 3 hadi 7 hivi, kinakula na kunenepa. Huo ndio wakati unaoona vidoa vyenye ukubwa wa punje ya chumvi, kama viko kwenye ngozi. Vikiwa kwenye matamvua peke yake huoni kitu kabisa. Kikishiba kinadondoka, kinatambaa kidogo, kinajifungia ndani ya gamba juu ya mwamba, mchanga, kioo, hata ganda la konokono. Ndani ya gamba kinajigawa, na kimoja kinaweza kutoa hata watoto mia mbili. Gamba huchukua siku chache au wiki kadhaa kupasuka, na lililochelewa kuliko yote kwenye maabara lilifika siku 72. Watoto wakitoka wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa.

Umeuona mtego? Madoa yakitoweka, samaki hajapona. Ni mwizi aliyetoka mlangoni ukafunga kesi, kumbe kaenda kuita wenzake.

Mimi kangaja wangu alianza na vidoa vichache mkiani. Nikampigia muuzaji wangu. Akaniuzia chupa iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ni salama kwa matumbawe, akaniuzia na kamba msafishaji "atakula vimelea vyote", akanishauri nichanganye kitunguu saumu kwenye chakula. Vidoa vikaisha. Nikaja humu humu jukwaani kumsifu yule bwana kwa jina la duka lake, uzi ule bado upo, tafadhali msiutafute. Haukupita muda samaki wote wakawa wamejaa madoa, klaunifishi wanahema juu karibu na mdomo wa pampu, kangaja anajikuna kwenye mawe mpaka ngozi inachubuka.

Niseme kuhusu hivyo vitu vitatu, maana najua utauziwa. Kitunguu saumu kinaweza kumtamanisha samaki chakula, basi, hapo ndipo kinapoishia. Kamba msafishaji anaokota anachokifikia juu, na hiki kimelea kiko chini ya ngozi. Na ile chupa, fikiri tu kidogo: dawa inayoua vimelea ndani ya tangi zima lakini haimgusi kamba, haimgusi konokono, haiyagusi matumbawe. Kama ni pole kiasi hicho kwa wote, kwa kimelea imekuwa kali kwa sababu gani? Ile yangu niliimaliza yote. Ilinukia vizuri, siwezi kuinyima sifa hiyo. Taa ya UV nayo inapunguza vinavyoogelea vikapita mbele yake, haigusi vilivyo ndani ya gamba wala ndani ya samaki.

Vinavyofanya kazi kweli ni vichache. Shaba kwa kipimo sahihi, klorokwini, kushusha chumvi ya maji kwa wiki kadhaa, au kumhamisha samaki kwenye tangi safi kila baada ya saa 72 ili vimelea vidondoke na kuachwa nyuma. Hakuna hata kimoja unachoweza kukifanya ndani ya tangi la matumbawe. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe, tena mwamba na mchanga vinainyonya, hivyo hata kipimo chenyewe hakishikiki. Maana yake samaki lazima watoke.

Na hapo ndipo ilipo hasara ambayo dukani hawaitaji. Umewahi kujaribu kumvua samaki kwa wavu ndani ya mapango ya mwamba uliyomjengea wewe mwenyewe ili ajifiche vizuri? Nilianza kwa adabu, nikaendelea bila adabu. Mwishowe nilitoa mwamba wote, jiwe baada ya jiwe, yale niliyokuwa nimeyapanga kwa mapenzi na kuyagandisha kwa gundi. Matumbawe yaliyokuwa yameanza kushika yakabanduka. Uchafu wa chini ya mchanga ukapanda, amonia ikarudi kwenye kipimo kwenye tangi ambalo nilikuwa nalitangazia watu kwamba limekomaa. Tumbawe langu la matawi, Acropora, likabaki mfupa mweupe. Samaki wenyewe, tangi la hospitali nimeliunga usiku kwa ndoo na hita ya kuazima, akatoka hai klaunifishi mmoja tu.

Usidhani iliishia hapo. Tangi kuu lilibidi likae bila samaki hata mmoja mpaka vimelea vife kwa kukosa pa kwenda. Wengi tunashika siku 76, yaani zile 72 za gamba lililochelewa na chache za tahadhari. Wapo wanaofupisha kwa kupandisha joto la maji, wana hoja zao, mimi na hoja za kufupisha tumeachana. Kwa muda huo wote taa zinawaka, hita inawaka, skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) inanguruma, kuhudumia mawe. Wageni wakiuliza samaki wako wapi nawajibu hawa ni wa aina ya aibu sana. Nyumbani likapewa jina la sanduku la kokoto. Nacheka sasa hivi, wakati ule hapakuwa na cha kucheka.

Na madoa meupe ndiyo yenye huruma. Yupo Amyloodinium ocellatum, anayemfunika samaki kwa vumbi laini la dhahabu na anaweza kumaliza tangi zima ndani ya siku chache, kabla hujapata jibu humu ndani. Klaunifishi nao wana wao, Brooklynella, anayewatoa utando wa ute, na huyo shaba haimtishi, anatibiwa kwa fomalini. Yote haya huingia kwa mlango mmoja, ule mfuko wa Jumamosi.

Sasa fanya hivi. Tafuta tangi la lita 60 hadi 80 kwa samaki wadogo, liwe tupu kabisa, bila mchanga wala jiwe. Weka vipande vya bomba la PVC wajifiche humo, hita, kichujio cha sponji, mfuniko, na taa dhaifu inatosha. Hiyo sponji itupe leo hii kwenye sampu (sanduku la vichujio) ya tangi kuu ikaokote bakteria kwa wiki kadhaa, ili karantini isianze na amonia. Ikishaguswa na shaba isirudi tena kwenye tangi kuu, hata ukiiosha vipi. Wavu, ndoo, mpira wa kubadilishia maji, kila tangi na vyake, na matangi yawe mbali yasirushiane matone.

Shaba ipandishe polepole kwa siku kadhaa, hasa kwa kangaja, wao haiwapendezi ikija ghafla. Kipimo kinategemea aina: shaba ya kawaida huzungukia nusu miligramu kwa lita, ile iliyofungwa na kemikali nyingine huenda 2 na ushee, na ukichanganya namba za hii na ile utaua samaki kwa mikono yako. Soma kibandiko cha dawa yako, nunua kipimo kinachoendana nayo. Ishike bila kushuka kwa siku 30. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya, usijidanganye. Amonia pima kila siku na ubadilishe maji ikipanda. Usikimbilie zile dawa za kufunga amonia, kwani baadhi yake zikikutana na shaba zinaigeuza kuwa sumu zaidi kwa samaki. Baada ya shaba wape prazikwanteli kwa ajili ya minyoo bapa ya ngozi na matamvua.

Konokono na matumbawe nayo, ndiyo. Hayaugui, lakini gamba la kimelea linasafiri juu ya ganda na juu ya kile kipande tumbawe lilipogandishwa. Kwa bahati wewe tangi lako bado halina samaki. Ingiza konokono na matumbawe ya kuanzia sasa hivi, yatumikie siku 76 humo humo wakati samaki wanatumikia zao kwenye lile dogo. Utafika mwisho na mwamba ulioota mwani wake wa kwanza ukaliwa, na samaki unaowajua kwa tabia. Mimi ningekuwa na mtu wa kuniambia hivyo badala ya yule bwana wa raba.

Mengine haraka haraka. Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30, lita 250 hazimtoshi, muuzaji anajua na hakukwambia, jiulize kwa nini. Chromis watano watapunguzana wenyewe kwa wenyewe mpaka wabaki mmoja au wawili. Klaunifishi wawili ni sawa, anza na hao peke yao. Chumvi yoyote inayotengenezwa kwa ajili ya matumbawe itakufaa, ichanganye kwenye maji ya RO/DI (yaliyochujwa mpaka yakawa safi kabisa) yanayosoma TDS sifuri, yaani hayana kitu kilichoyeyuka ndani yake, mpaka gramu 35 kwa kilo ya maji, yaani uzito mahususi wa 1.026 hivi, na refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, uirekebishe kwa kimiminika cha kipimo cha 35, si kwa maji matupu. Maji yakipungua kwa kukauka jazia matamu, chumvi haikauki. Na huo mzunguko unaosema umeisha, umeupima? Kabla hujaingiza hata konokono, weka amonia ya miligramu 2 kwa lita. Kesho yake amonia na naitraiti zote zikisoma sifuri, nitakuamini.

Kuna kitu cha pampu na taa pia ulikuwa umeuliza, wadau wengine watakujibu. Kwangu rudi na majibu mawili: una nafasi ya tangi la pili chumba kingine, na kipimo cha shaba utakachopata ni cha aina gani. Ukimpigia muuzaji kuahirisha Jumamosi akakwambia kangaja huyo atachukuliwa na mtu mwingine, mwambie amwuze.