Unajenga apatimenti au unakata viwanja? Taka zianze kwenye ramani

Wakuu habari za leo. Mi nipo kwenye kazi ya kuzoa taka hapa Dar muda mrefu sasa, nilianza kwa kukusanya ada nyumba kwa nyumba na kitabu cha risiti mkononi, nikaja kuwa msimamizi wa magari, na siku hizi simu nyingi ninazopigiwa ni za watu waliokwishamaliza kujenga ndo wanaulizia taka wataweka wapi. Nyumba imeshapigwa rangi, tailizi zinang'aa, geti la umeme, maegesho ya kutosha, halafu hakuna hata kona ya kuweka pipa. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya yule ambaye bado yuko kwenye makaratasi, bado anaweza kufuta na kuchora upya, maana ukishamwaga zege mimi sina cha kukusaidia zaidi ya kukupa bei.

Watu wanapenda kulaumu wapangaji, eti wachafu, eti wanatupa mifuko kwenye mtaro usiku mvua ikinyesha. Ni kweli wanatupa. Ila nenda kaangalie hiyo nyumba wanayokaa, utakuta pipa moja la lita 200 limewekwa kwa ajili ya familia kumi na kitu, gari linapita mara moja kwa wiki likijisikia, sasa ulitaka wayale maganda ya ndizi?

Tuanze na njia maana hapo ndo watu wengi wanakwama. Kuna mama mmoja aliniita nikamwangalizie nyumba yake ya ghorofa, nzuri kweli, kutoka lami mpaka getini ni uchochoro ambao ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Nikamsalimia nikamwambia mama, gari halifiki hapa. Akanijibu, "Mwanangu, si litasimama kule barabarani vijana wabebe?" Sawa, vijana watabeba, hakuna shida, lakini mjue hapo mnalipia kazi mbili. Kwanza guta au mkokoteni kutoa taka ndani mpaka kwenye kizimba, pale taka za mtaa zinapokusanywa, halafu gari kutoa kizimbani kupeleka dampo. Na hao wa guta siku ya mvua hawaji, tairi zinazama kwenye tope, mzigo unakaa siku tatu nne unavuja maji meusi na inzi wamejaa.

Kwa hiyo kabla hujanunua kiwanja tembea njia nzima kwa miguu kutoka barabara kubwa mpaka kwenye bikoni, na ujiulize gari la tani saba likiingia hapa litageuzia wapi. Kirikuu (kipikapu kidogo) inapita karibu kila mahali, ila inabeba kidogo na ikifika dampo imekula mafuta karibu faida yote, ndo maana wazoaji wanaikwepa kwenye mitaa ya mbali. Na nyie mlio kwenye mitaa inayorasimishwa, yaani ilijengwa bila kupimwa na sasa ndo inapimwa, mkiitwa kwenye kikao cha kukubaliana barabara nendeni aisee. Watu wanang'ang'ania hatua mbili za kiwanja kana kwamba watazikwa nazo, halafu mtaa mzima unabaki hauna pa kupitisha gari la taka wala la zimamoto wala la kunyonya choo, yote matatu yanataka njia ileile. Na mkiwa hapohapo kwenye kikao ombeni eneo la kizimba litengwe na liandikwe kwenye mchoro, lisiachwe kwa maneno ya mwenyekiti, maana wenyeviti wanabadilika na eneo lisilo kwenye mchoro mwaka kesho utalikuta lina msingi wa frem.

Sasa nafasi ndani ya kiwanja. Hesabu yake wala haihitaji injinia. Chukua nusu kilo kwa kila mtu kwa siku, kwa nyumba za hali ya kawaida inakupa picha nzuri, kwa wenye nazo weka karibu na kilo. Apatimenti 16 zenye watu wanne wanne ni watu 64, hapo una kilo 32 kwa siku, kwa wiki kilo 224. Taka zetu ambazo hazijashindiliwa, zilivyo na maji maji, ukijaza mita moja ya ujazo unapata kama kilo 250 hivi, maana yake wiki moja inakula karibu mita nzima ya ujazo, sawa na mapipa matano yale ya lita 200. Na wewe usipange kwa wiki moja. Gari litaharibika, sikukuu zitaingia, masika yatakuja barabara ya dampo iwe uji. Panga wiki mbili, mapipa kumi. Sasa nionyeshe kwenye ramani yako mapipa kumi yanakaa wapi.

Hicho chumba cha taka kijengwe karibu na geti kwa nje, kiwe na mlango wa upande wa barabara ili wazoaji wasilazimike kuingia ndani kwenu kila mara (walinzi na wazoaji ugomvi wao haujawahi kuisha). Sakafu iwe ya zege yenye mteremko, katikati weka kitobo cha maji chenye bomba linaloenda kwenye shimo la maji machafu, sio kwenye mtaro wa mvua. Weka paa, kwa sababu taka zikilowa zinakuwa nzito na mzoaji anabeba maji bure, na bomba moja la maji ya kuoshea. Halafu kitu ambacho nimekiona zaidi ya nyumba moja mpaka nikachoka, chumba cha taka kimekaa juu kabisa ya tenki la maji la chini, mfuniko wa tenki uko hapo hapo miguuni pa mapipa! Fundi anakwambia ndo nafasi iliyobaki. Ibaki wapi wakati hamkuiweka tangu mwanzo.

Kuhusu kutenganisha, usidanganywe na zile ndoo tano za rangi rangi ambazo unaziona kwenye semina. Kwa nyumba za kupanga weka mbili tu, ya vinavyooza na ya vikavu, basi. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni vitu vya kuoza, maganda, mabaki ya ugali, majani, na hizo ndo zinazotoa harufu na yale maji meusi. Ukizitoa pembeni zile kavu zinabaki nyepesi, waokota makopo watakuja wenyewe kuchukua plastiki na maboksi, na zinazooza kama una kibustani tengeneza mboji. Kwa walio huku Kinondoni kuna kiwanda cha mboji Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinapokea taka za sokoni, na mi natamani kila manispaa ingekuwa na chake, maana jiji hili refu hivi, lori linatoka Bunju linakatiza mji mzima na foleni zake mpaka Pugu Kinyamwezi, dampo ambalo hata ukiwa Kariakoo ni kama kilomita 30. Hapo unalipia dizeli kuliko unavyolipia kuzoa.

Na hili la dampo ni la kwenu nyie mnaokata viwanja na nyie mnaonunua. Wazee wa Tabata wanakumbuka, Jiji lilikuwa linamwaga taka katikati ya watu, moshi usiku na mchana, mpaka wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya mwaka 1988, na wakaishinda Halmashauri ya Jiji. Safi kabisa. Ila taka zenyewe zikahamia kwa wengine, zikapita Vingunguti, zikapita Mtoni, sasa ziko Pugu, na kila zinakohamia mwanzoni ni pori halafu nyumba zinazifuata kwa sababu viwanja vya karibu na dampo ni rahisi. Mwaka 2024 tarehe 10 Agosti lundo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa likafukia nyumba za majirani, wakafa watu zaidi ya 30. Lile dampo lilikuwepo toka miaka ya 1990, wengi wa watu ndo walilisogelea. Kwa hiyo ukiona kiwanja bei yake ya chini kuliko vya jirani, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uombe kuona mchoro wa matumizi ya ardhi wa eneo lote, usiishie kwenye ule mchoro wa dalali, uangalie kama kuna dampo, machinjio, mabwawa ya maji taka au eneo la viwanda upande ule upepo unakotokea. Halafu angalia na maji ya ardhini yanaelekea wapi, hasa kama mnategemea kuchimba kisima.

Haya, sasa taka hatarishi. Hapa watu wanadhani naongelea viwanda vikubwa, kumbe hata kwenye frem zako nne za chini zipo. Fundi simu ana betri zilizovimba, saluni ina makopo ya dawa, gereji ina oili chafu, duka la dawa lina vidonge vilivyoisha muda, na ukipangisha maabara ndogo hapo ndo kuna sindano. Kijana wangu mmoja alichomwa na sindano iliyokuwa kwenye kiroba cha kawaida kabisa, kiroba kimefungwa vizuri, kimechanganywa na maboksi na chupa za maji. Alipokinyanyua akakiegemeza kwenye paja kama wanavyofanya wote wakipandisha kwenye gari. Tukamkimbiza hospitali akaanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi zile zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, akazinywa siku 28, zinamtapisha, kazi hawezi, na mke wake nyumbani ana maswali. Zahanati iliyotoa kile kiroba ilikuwa inajua kabisa, boksi la njano la sindano walikuwa nalo, lilikuwa limejaa na aliyetakiwa kulipeleka kwenye tanuru alikuwa hajalipwa.

Kwa hiyo kwenye mkataba wa frem andika aina ya biashara, andika kwamba taka hatarishi hazichanganywi na za nyumba, na mwombe mpangaji akuonyeshe makubaliano yake na anayezichukua. Anayekusanya au kusafirisha taka hatarishi anatakiwa awe na kibali, kwa hapa Tanzania ni mambo ya NEMC, Kenya ni NEMA, yaani taasisi za taifa za mazingira, omba nakala ya hicho kibali na usome tarehe kimeisha lini. Na wewe mwenye jengo tenga kabati dogo lenye kufuli, sakafu isiyonyonya, mbali na jiko la gesi, la kuwekea taa za tubelaiti zilizokufa (ndani zina zebaki, usizivunje ili zienee kwenye pipa), betri, makopo ya rangi na thina. Oili chafu najua mafundi wanapakaa kwenye mbao za paa kuzuia mchwa, tumekua tunaona hivyo, ila ukweli ni kwamba ikishafika kwenye udongo hapo karibu na kisima huitoi tena.

Kitu kinachonitisha kuliko vyote ni betri za gari, na sasa hivi na hizi za sola zinaongezeka. Mnunuzi wa skrepa wa mtaani mara nyingi anachotaka ni risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyo ndani, sasa anachofanya anapindua betri pembeni ya mtaro anamwaga tindikali yote halafu ndo anapasua. Kwenye njia hiyohiyo watoto wanapita kwenda shule. Anayedhani nakuza mambo akasome habari za Owino Uhuru, Mombasa. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza mwaka 2007 kikiwa kimeshikana ukuta na nyumba za watu, sumu ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto, watu wakafa, kikaja kufungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaivuruga, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo kwa sababu kuna ofisa alikubali tanuru la risasi likae pale. Ukisikia mtaani kwenu kuna mtu anaomba kibali cha kuyeyusha chochote, nendeni kwenye mkutano wa kutoa maoni kabla kibali hakijatoka, maana tathmini ya mazingira inatakiwa iwasikilize majirani, na hapo kelele zinafaa kuliko zikija baada ya bomba la moshi kusimama.

La mwisho ni kwa mnaobomoa nyumba za zamani ili mpandishe ghorofa, hasa zile kota zenye paa la vigae vya kijivu vyenye mawimbi. Vingi ni asbesto. Vikiwa vimetulia juu havina neno sana, balaa ni pale vijana wanapovidondosha chini vinapasuka na vumbi wanalivuta, kansa yake inakuja kujitokeza miaka ishirini thelathini baadaye ambapo hakuna atakayekumbuka ulikuwa mradi wa nani. Usimpe fundi wa kubomoa kwa bei ya jumla. Tafuta mwenye kibali, vilowanishwe maji kwanza, vifunguliwe kimoja kimoja bila kukatwa na msumeno, vifungwe kwenye nailoni nzito na vipelekwe ambako NEMC wameelekeza. Na tafadhali sana usimpe mlinzi akaezekee banda la kuku, maana najua ndo anakoomba avipeleke.