Kuitembelea Sagrada Família kabla haijakamilika

Mwenzetu ameuliza kama inafaa kulipa kiingilio cha Sagrada Família, kanisa la Barcelona ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1882 na ambalo picha zake nyingi zinaonyesha winchi juu ya minara. Nimeingia humo, na ushauri wangu ni kwamba aende bila kungoja, kwa sababu katika hali hiyo ya kutokamilika ndipo mgeni anapoona wazi jinsi vizazi vilivyopokezana kazi.

Msanifu majengo Antoni Gaudí alikabidhiwa ujenzi mwaka 1883, akafariki mwaka 1926 baada ya kugongwa na tramu, akiacha sehemu ndogo tu imesimama. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini Hispania, karakana yake ilivamiwa, michoro ikachomwa na vielelezo vya plasta vikavunjwa, hivyo waliomrithi wamelazimika kuunganisha vipande ili kuelewa alichokusudia. Upande wa Kuzaliwa kwa Yesu, ambao aliusimamia mwenyewe, umejaa majani, ndege na watu waliochongwa kwa wingi ajabu. Ukizunguka hadi upande wa Mateso, ambao Josep Maria Subirachs alianza kuuchonga mwaka 1987, unakutana na nyuso kavu zenye pembe kali. Wapo wasioupenda. Mimi naona ukavu huo unaistahili kabisa habari ya msalaba.

Ndani ndiko pa kukaa muda mrefu. Nguzo zinapanda na kugawanyika matawi kama miti, na matawi hayo si pambo, kwani ndiyo yanayobeba uzito wa paa, ambalo katika ukumbi wa kati liko mita 45 juu ya sakafu. Vioo vya mashariki vina buluu na kijani, vya magharibi vina wekundu na rangi ya chungwa, kwa hiyo chagua saa ya alasiri, jua linapoteremka na mawe ya ndani yanapochukua rangi ya moto. Niliketi pale nikasali, na kuinuka kukawa kugumu.

Nunua tiketi mapema mtandaoni, kwa kuwa kila tiketi ina saa yake ya kuingia, na uvae kwa heshima, maana hii ni basilika iliyotabarukiwa na Papa Benedikto XVI mwaka 2010. Kupanda mnarani hulipiwa zaidi. Lifti hukupandisha, lakini kushuka ni kwa ngazi nyembamba za mzunguko, na mwenye magoti mabovu asijilazimishe. Kuhusu gharama, ujenzi huu tangu mwanzo umetegemea sadaka, na leo kiingilio cha wageni ndicho kinachoulipia kwa sehemu kubwa.