Chai tu, mwanangu

Mara ya kwanza nilipokwenda kupimwa umio, njia ya chakula, kwa kamera inayopitishwa mdomoni, nilirudishwa. Nesi aliuliza, "Mzee, asubuhi umetia nini mdomoni?" Nikamjibu: chai ya maziwa tu, mwanangu, hata mkate sikuugusa. Akafunga faili. Nauli ya kutoka Nungwi hadi mjini ikapotea, na nilinuna njia nzima.

Mara ya pili nilifunga kweli. Baadaye dokta akanionesha picha. Kwa taa nyeupe umio wangu ulikuwa mwekundu sawasawa, sikuona kitu. Kisha alibonyeza kitufe, mwanga ukawa wa buluu na kijani, karibu nanomita 415 na 540. Damu huunywa mwanga huo, kwa hiyo vijishipa vyake hujitokeza vyeusi au kahawia, na palipoanza kuharibika huonekana vimejipinda ovyo. Hapo likaonekana doa dogo. Akanyunyiza iodini: umio mzima ukageuka kahawia, kwani ngozi yake ina akiba ya sukari inayoshika rangi. Doa likabaki la manjano. Lakini kukataa rangi si hukumu, hata mchubuko hukataa, ndiyo maana alichuna kinyama kikaenda maabara. Majibu: mchubuko. Alhamdulillahi.

Marekani iliruhusu mwaka 2021 programu ya kompyuta inayomwekea daktari alama penye kinyama kilichoota kwenye utumbo mpana. Nzuri sana, ila nayo haioni kilichofunikwa na uji. Kwa hiyo ukiambiwa usile, usile. Na ukiwa unapimwa utumbo mpana, ukapewa dawa ya kuusafisha, imalize yote, mpaka yatoke maji yanayopitisha mwanga. (Usiku huo usialike wageni.) Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, usiziache kwa akili yako. Ukichomwa sindano ya usingizi, vespa aendeshe mwengine.

Na tonge likianza kukwama kooni, au unakonda bila sababu, usikae mwaka mzima na vidonge vya kiungulia kama nilivyokaa mimi.

Dokta aliniuliza pia kuhusu kahawa. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2016 kwamba kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda kikaleta saratani ya umio. Ni moto wake, si kahawa yenyewe. Sasa barazani kikombe changu nakiweka pembeni kwanza, na wenzangu wananiuliza kama nakisomea dua.