Bendi ya wazee ikija Tabora: usiseme wamechoka kabla hujasikiliza

Katika mji uliotoa bendi za dansi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, swali hili haliishi. Kamati ya harusi inataka bendi ya zilipendwa, bajeti ipo, halafu mjumbe mmoja anauliza: hao wazee bado wanaweza? Jibu letu ni ndiyo, wengi wanaweza. Ila onyesho la watu wenye miaka 65 au 70 lisipangwe kama lile walilopiga wakiwa na miaka 28. Ukiona bendi ya wazee imeharibu usiku, mara nyingi si uzee ulioharibu. Wameng'ang'ania ufunguo uleule (kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa), kasi ileile na saa zilezile za kupiga, na mwili ukawakatalia.

Kwa wenzetu wa muziki wa roki mifano iko wazi. The Rolling Stones walianza London mwaka 1962. Mwimbaji wao Mick Jagger alibadilishiwa vali ya moyo mwaka 2019, akatimiza miaka 80 mwaka 2023, na mwaka 2024 alikuwa kwenye ziara ya Amerika Kaskazini akikimbia jukwaani. Mpiga ngoma wao Charlie Watts alipofariki mwaka 2021, ngoma alikabidhiwa Steve Jordan na bendi ikaendelea. Phil Collins mikono ilishindwa kabisa kupiga ngoma, kwa hiyo ziara ya mwisho ya Genesis, iliyoisha London mwaka 2022, aliimba akiwa ameketi kitini huku mwanawe Nic akipiga ngoma. Na wapo walioshindwa: Aerosmith walitangaza mwaka 2024 kuacha ziara kwa sababu sauti ya Steven Tyler haikupona sawasawa baada ya jeraha la koo. Huku kwetu bendi za dansi za Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde ya mwaka 1978, zimedumu kwa kubadilisha watu kidogo kidogo, anaondoka mmoja anaingia mmoja, bila kungoja wote wazeeke siku moja.

Katika bendi watu hawazeeki kwa kasi moja. Wanaochoka mapema ni mwimbaji na mpiga drams. Mpiga gitaa la solo anaweza kufika miaka 75 akiwa bado moto, mradi vidole havijashikwa na baridi yabisi. Mpiga besi shida yake ni bega na mgongo, maana gitaa la besi lina kilo 4 hadi 5 na linaning'inia upande mmoja saa nzima. Mkanda mpana wa sentimita 8 au zaidi unasaidia, na kiti kirefu kinasaidia zaidi. Hakuna aibu kupiga besi ukiwa umekaa.

Tuanze na sauti, kwa sababu ndipo nyimbo nyingi zinapofia. Noti za juu huondoka kwanza, na pumzi hufupika. Mzee anayeimba wimbo wake wa zamani kwenye ufunguo wa rekodi atafika kwenye kiitikio, akaze shingo, na noti itoke chini kidogo ya pale inapotakiwa. Watu wa mbele watasema amezeeka. Ushushe wimbo uleule, mwimbaji yuleyule, uone.

Ushushe kiasi gani? Bendi yenye magitaa na kinanda peke yake iko huru kuchagua: nusu toni (hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe hadi cha jirani yake) au toni nzima (hatua mbili). Bendi yenye tarumbeta na saksafoni lazima ihesabu. Noti za tarumbeta na saksafoni ya tena huandikwa toni nzima juu ya zile za magitaa. Wimbo ulio C ukiushusha nusu toni unakuwa B, na mpiga tarumbeta anaangukia D-flati yenye flati tano (noti tano za kushushwa nusu toni), ngumu kupiga. Ukiushusha toni nzima unakuwa B-flati, naye anasoma C tupu isiyo na flati, raha mustarehe. Wimbo ulio G nao ushushe toni nzima uwe F, mpulizaji asome G. Kwa nyimbo za A na E ni kinyume chake: shusha nusu toni tu. A ikiwa A-flati, mpulizaji anasoma B-flati; E ikiwa E-flati, anasoma F. Bendi nyingi hushusha kila wimbo nusu toni kwa mkupuo kisha zinashangaa kwa nini wapulizaji wanajikwaa kwenye nyimbo walizozipiga miaka arobaini.

Wapiga gitaa hupenda kulegeza nyuzi ili vidole vibaki palepale vilipozoea. Sawa, ila angalieni unene wa nyuzi. Seti ya 9, ile ya nyuzi nyembamba, ukiilegeza toni nzima inakuwa teketeke, inagonga vyuma vya shingo na sauti inatoka chafu. Weka seti ya 10, nene kidogo. Ikilegezwa toni nzima mkazo wake unakuwa karibu sawa na ule wa seti ya 9 isiyolegezwa, kwa hiyo vidole vyenye maumivu navyo vinapumzika. Na kama kuna nyimbo za kushuka nusu toni na nyingine toni nzima, ama mje na magitaa mawili, ama mzipange zile za aina moja zifuatane. Kurekebisha nyuzi sita kati ya kila wimbo kunaua ukumbi.

Kumwambia mzee ashushe wimbo wake ni kazi ya adabu. Wewe kijana wa kinanda, usimwambie mzee mbele ya bendi nzima, "Mzee, hapo hufiki." Mfuate kabla ya mazoezi, shikamoo kwanza, halafu: "Mzee wangu, wapulizaji wanahangaika na ule wimbo, tungeuteremsha kidogo unaonaje?" Wapulizaji wakisingiziwa hawatakufa. Bora zaidi ujumbe huo upitie kwa kiongozi wa bendi.

Kabla ya onyesho mwimbaji apashe sauti dakika 10 hadi 15. Zoezi tunalolipendekeza kuliko yote ni la mrija: chupa ya maji, mrija uzame sentimita 2 au 3, mwimbaji apulize huku akitoa sauti kutoka chini kwenda juu taratibu, maji yabubujike. Linaamsha sauti bila kuikwaruza. Kuhusu asali, tunajua hapa ni Tabora na kila mtu ana chupa yake ya asali ya nyuki wa miombo. Ni nzuri kwa koo linalowasha. Lakini chochote unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kwa sababu njia ya chakula na njia ya hewa zimetengana hapo. Kinacholainisha nyuzi hizo ni maji uliyokunywa tangu asubuhi, si kijiko cha dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Mzee anayemeza dawa za presha zile za kukojoza maji, koo lake hukauka haraka. Asiache dawa, azungumze na daktari wake mapema na awe na chupa ya maji jukwaani. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi na upepo wa hapa huzidisha ukavu huo. Onyesho la nje mwezi wa Agosti ni gumu kwa koo la mwimbaji kuliko la ukumbini.

Sasa mpiga drams. Kosa lake kubwa liko kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo ala zinapopamba moto watu wacheze. Wimbo unaanza kwa mapigo 120 kwa dakika, damu inachemka, ghafla uko 128, halafu chemko la dakika sita linamkuta mkono umekwisha na mdundo unarudi 115 huku watu wanacheza. Wachezaji huhisi kushuka huko hata kama hawajui kilichotokea. Wanaanza kurudi vitini. Dawa ni kuanza chini: mapigo 4 au 5 pungufu ya rekodi, yaliyopimwa kwa programu ya metronomu kwenye simu kabla ya kuhesabu "moja, mbili". Chemko likatwe liwe dakika tatu au nne. Tumba ibebe ujazo, drams zishike uti wa mdundo tu. Na kama bendi ina nafasi ya kuajiri kijana mmoja tu, awe wa drams. Wa pili awe mwimbaji wa kusaidia noti za juu kwenye viitikio. Mpiga solo mzee muacheni. Mkono wake ndio watu wanaoulipia.

Kuna wanaotatua haya yote kwa kuweka rekodi na kufungua midomo. Huo ni wizi, na Tabora watu wanaijua saksafoni iliyo hai.

Masikio ndiyo adui asiyesemwa. Umri huondoa sauti nyembamba kwanza, na miaka ya kusimama mbele ya spika huongeza. Mzee asiyesikia tena ule ukali wa gitaa lake ataongeza trebo (sauti kali za juu), kisha ataongeza sauti, na yeye atasikia vizuri kabisa huku walioketi meza za mbele wakiziba masikio. Kwa hiyo amplifaya ipangwe na mtu mwenye masikio mazima aliyesimama katikati ya ukumbi, halafu kitufe kisiguswe. Bandika utepe wa gundi juu yake ikibidi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni ukubwa wa sauti wa desibeli 85 usiozidi saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu. Ikifika desibeli 100 umebaki na dakika 15. Jukwaa la bendi hufika hapo bila shida. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki AC/DC, alisimama katikati ya ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba angepoteza usikivu wote, na ilichukua miaka hadi 2023 kuonekana tena jukwaani na bendi yake.

Mwimbaji naye asipojisikia hupiga kelele, na sauti ya mzee haimalizi nyimbo tano za kelele. Spika ya monita iwekwe mbele yake, ikimtazama usoni, nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia hazinasi vizuri sauti inayotoka nyuma yake, kwa hiyo unaweza kuongeza monita bila spika kupiga mluzi. Ukiiweka ubavuni mluzi utakuja haraka, fundi mitambo atapunguza sauti, na mwimbaji atarudi kwenye kelele.

Umeme tuupite haraka. Pima volti kabla ya kuwasha chochote. Zinatakiwa kuwa karibu 230. Zikishuka chini ya 200 jioni watu wote wakiwa majumbani, kinanda na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) vipitie stabilaiza. Friji za baa na taa za rangi zisiwe kwenye laini moja na magitaa, vinginevyo utasikia mngurumo usiku kucha.

Urefu wa onyesho ndio sehemu kamati zinapowaonea wazee. Dansi la zamani lilianza saa tatu usiku likaenda hadi alfajiri. Leo omba vipindi viwili: dakika 45, mapumziko ya dakika 25 watu wale chakula, kisha dakika 40. Anza saa moja na nusu jioni. Wimbo wenye noti za juu kuliko zote usiwe wa kwanza, kwa sababu koo halijafunguka, wala usiwe wa mwisho. Uweke wa nne au wa tano kwenye kipindi cha kwanza. Baada yake weka wimbo wa ala, wapulizaji na solo watambe, mwimbaji akae anywe maji.

Mazoezi yaanze wiki tatu kabla, mara tatu kwa wiki, yasizidi saa mbili. Siku moja kabla ya onyesho mwimbaji aimbe nusu sauti tu. Maneno yaandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mita moja na nusu bila miwani, yawekwe kwenye stendi yenye taa ndogo, na yabanwe kwa vibanio vya nguo. Upepo wa Tabora hauheshimu karatasi. Mzee akisahau ubeti mmoja hadharani hofu humfanya asahau na wa pili.

Kama bendi inatoka Dar es Salaam, reli hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na barabara nayo ni ndefu. Wafike siku moja kabla na walale. Bendi iliyoshuka kwenye basi saa kumi na kupanda jukwaani saa moja itapiga vibaya hata kama wote wana miaka 25.

Kabla ya kulipa kishika uchumba, usiombe video waliyoichagua wenyewe. Omba kipande cha simu, kisichohaririwa, cha miezi ya karibuni, na kiwe cha kipindi cha pili. Sikiliza mambo matatu: je, mdundo mwishoni mwa chemko ni uleule wa mwanzo, je, mwimbaji anamalizia mistari au anawaachia waitikiaji, je, gitaa la solo linakereketa masikio? La kwanza likiwa baya, uliza kama wana mpiga drams mwingine. La pili likiwa baya, uliza kama wamewahi kushusha nyimbo. La tatu ni la fundi mitambo, linarekebishika jioni hiyohiyo. Yote matatu yakiwa mabaya, tafuta bendi nyingine.

Ukishawakubali, kwenye makubaliano andika pia vitu vidogo: viti vinne vya kukaa jukwaani, ngazi yenye mahali pa kushika, choo kilicho karibu na jukwaa, maji yasiyo ya barafu, na gari la kuwarudisha walikolala mara tu wanapomaliza, si baada ya kamati kumaliza hesabu zake.