"Moto ya chuo" ni Kiswahili?

Msomaji mmoja anaandaa makala fupi kuhusu Chuo Kikuu cha Aberystwyth kule Welisi. Ameandika hivi: "Moto ya chuo iko chini ya ngao yenye joka wawili." Mwenzake kamwambia sentensi ina makosa, sasa anauliza yako wapi.

Dada, asante, swali nimelipenda sana manake chuo chenyewe ulichochagua ndo kinatoa jibu. Tuanze na hiyo moto. Najua umeitoa kwenye neno la Kiingereza "motto", na wengi wanaisema hivyo, ila sisi moto tunao tayari, ule unaounguza, kwa hiyo msomaji akikuta "moto ya chuo" atadhani umekosea ngeli tu, atasahihisha kichwani iwe "moto wa chuo" halafu atajua jengo liliungua. Na kweli liliungua! Chuo kilifunguliwa mwaka 1872 na wanafunzi 26, ndani ya jengo la hoteli ya ufukweni ambayo mjenzi wake alifilisika kabla hajaimaliza, kikawa kinaishi kwa michango ya watu wa kawaida makanisani, halafu 1885 moto ukateketeza sehemu kubwa ya jengo. Sasa angalia nembo yao, juu kabisa kuna mnara unaowaka na ndege kama tai juu yake, na wapo wanaosema huyo ni yule ndege wa hadithi anayezaliwa upya kutoka kwenye majivu. Yaani kwenye nembo hii moto upo, ila ni moto kweli. Yale maneno ya chini yaite kaulimbiu.

Ngao nayo ina mahali pake. Ngao ni ile sehemu ya katikati tu, yenye majoka na kitabu kilichofunguliwa. Ukitaka kutaja kitu kizima, pamoja na mnara na ndege, sema nembo. Neno hili mimi nalipenda mno, maana zamani nembo zilikuwa ni zile alama za kuchanja mwilini, mtu akikuona usoni anajua wewe ni wa kabila gani, na nembo ya chuo inafanya kazi ileile. Logo siikatai, lakini iache kwa kampuni na programu za simu.

Joka linakwenda na li-ya: joka jekundu, majoka mawili. Ukitaka kusema wawili basi sema nyoka, na hapo umeshapoteza joka, mnyama aliye alama ya Welisi.

Halafu kaulimbiu yenyewe ni ya Kiwelisi, "Nid Byd, Byd Heb Wybodaeth". Nimeona watu wakitafsiri "elimu ni muhimu duniani", jamani hapana, hiyo imekufa. Kiwelisi kinaanza na kukanusha halafu kinarudia neno dunia hapohapo, na bahati nzuri hata sisi tunaweza: "Si dunia, dunia isiyo na maarifa." Usiguse mpangilio huo, na uweke maarifa badala ya elimu, kwa sababu wybodaeth ni kule kujua kwenyewe, hata asiyekanyaga darasani anaweza kuwa nako.

Kwa hiyo andika: "Kaulimbiu ya chuo iko chini ya ngao yenye majoka mawili mekundu na kitabu kilichofunguliwa."